Wanafunzi Waliokwenda Kufundishwa Mtaani

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Neno hili la wazee lafaa kukumbukwa kila mara watu wa elimu wanapotaka kuutengeneza mtaa wasioukaa. Kwa kawaida mchoro wa mji hufanywa ofisini, na mwenye nyumba hupata habari siku tingatinga linapofika mlangoni pake. Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu jinsi wanafunzi wa Dar es Salaam walivyojaribu njia nyingine, kisha tupime faida yake na hatari yake.

Mtaa usiokuwamo katika ramani

Tandale ni kata ya Dar es Salaam. Nyumba zake zimesongamana na vichochoro vyake ni vyembamba. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta humo watu zaidi ya 50,000. Lakini hata mwaka 2011 mtu aliyefungua OpenStreetMap, ile ramani ya dunia ambayo kila mtu aweza kuisoma na kuiongezea, aliona mahali pa Tandale karibu patupu, kana kwamba hapana mtu anayeishi pale.

Mwezi wa Agosti mwaka huo wanafunzi wa mipango miji wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale, wakaungana na wakaaji wake. Walitembea pamoja kwa miguu, wakichukua chombo kidogo kinachopokea ishara za satelaiti na kumwonyesha mtu mahali aliposimama. Waliandika kila kitu chenye maana katika maisha ya watu: bomba la maji, choo, jalala, mfereji, shule, zahanati, njia ya kupita.

Hapo kila mmoja alikuwa mwalimu wa mwenziwe. Mwanafunzi alikijua chombo. Mkaaji aliujua mtaa. Satelaiti yaweza kuliona paa la nyumba, lakini ni nani atakayesema kwamba bomba lile limekauka? Ni mama anayekwenda kuchota. Ni nani ajuaye kwamba mfereji huu umezibwa na taka? Ni yule ambaye maji humwingilia chumbani.

Maji yalipokuja

Miezi michache baadaye, Desemba 2011, mvua kubwa iliipiga Dar es Salaam. Bonde la mto Msimbazi likajaa, watu wapatao 40 wakafa, na maelfu wakapoteza makao yao. Wengi walipewa viwanja Mabwepande, mbali na mji na mbali na kazi zao.

Mwaka 2015 kazi iliyoanzia Tandale ilipanuliwa katika kata nyingine zilizo katika hatari ya mafuriko, ikaitwa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda tena mitaani pamoja na wakaaji. Baadaye walipima mifereji, na waliwauliza wazee wa mtaa maji yalifika wapi katika mafuriko yaliyopita. Hivyo kumbukumbu ya watu, ambayo haikuwa imeandikwa katika kitabu chochote, ikawa elimu ya kuwafaa wahandisi.

Kisu chenye makali mawili

Hata hivyo tusidanganyane: ramani ni kisu. Chaweza kukata mkate, chaweza pia kumjeruhi mtu. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, nyumba nyingi za bonde la Msimbazi zilitiwa alama ya X nyekundu, na mamia yakabomolewa. Basi mkaaji amwonapo kijana mwenye karatasi na kalamu, ana haki kumwuliza: «Unaandika nini, na utampa nani?» Mwanafunzi asiyeweza kujibu swali hilo bora arudi chuoni kwake.

Mfano wa Nairobi wafundisha jambo lilo hilo. Agosti 2017 serikali ya kaunti iliitangaza Mukuru, yenye jamaa zipatazo 100,000, kuwa eneo la mpango maalumu. Vyuo vikuu vilisaidia, na Muungano wa Wanavijiji uliwakusanya wakaaji katika vikundi vya nyumba kumi kumi, ili sauti ya kila mlango isikike. Tangu mwaka 2020 barabara na mabomba yalianza kujengwa. Lakini mwaka 2021 nyumba za maelfu ya jamaa zilibomolewa Mukuru kwa Njenga ili kupitisha barabara. Mpango mzuri hauwi ngao ikiwa wenye mamlaka hawaufuati. Lakini watu waliokwisha kujihesabu na kujuana wana nguvu ya kudai haki yao kuliko watu waliotawanyika.

Na sisi wa Kindu?

Mji wetu una komine tatu: Kasuku na Mikelenge ng'ambo hii, na Alunguli ng'ambo ya pili ya mto. Mkaaji wa Alunguli ajua vema maana ya kuamka mapema ili avuke kwenda sokoni au hospitalini. Je, ni nani aliyemwuliza ni gati gani linafaa, na njia ipi huharibika mvua inyeshapo?

Vijana wetu wa shule na wa Chuo Kikuu cha Kindu waweza kuanza bila fedha nyingi. Wachukue daftari, waende na baba na mama wa mtaa mmoja, waandike visima, mifereji na mahali pa mmomonyoko. Kisha wakae chini ya mwembe na kuwasomea wakaaji yale waliyoyaandika, wakubali kusahihishwa, na nakala moja ibaki mtaani. Sharti hili la mwisho lisisahauliwe: kazi ambayo matunda yake yote huchukuliwa na mgeni ni mavuno ya shamba la mwingine.

Wahenga walisema pia: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwanafunzi na awe mgeni wa namna hiyo.