Biti haikungoji: nilivyojifunza Malaika upya Kibugu

Mwaka jana kazi ilinipeleka Kibugu, kule Embu kwenye majani chai, ambako jua likishatua mtu wa Pwani hana la kufanya ila kujifunika blanketi. Nilikwenda na gitaa langu. Napiga tangu ujana, na ndani ya chumba changu mwenyewe nilikuwa fundi.

Ufundi huo uliniaibisha harusini kwa binamu yangu, Mombasa. Nilipewa nafasi nipige Malaika na vijana wa bendi. Ubeti wa pili wao washasonga mbele, mimi bado naitafuta F. Shangazi alinitazama kwa huruma. Nikaweka gitaa chini, nikaenda kula biriani.

Kibugu jirani yangu, kijana anayepiga kanisani, alinisikiliza jioni moja akacheka. "Mzee, vidole viko sawa, lakini unajingoja."

Ndipo akanitolea biti kwenye simu: ngoma na besi zimerekodiwa, mahali pa gitaa pameachwa wazi ujaze wewe. Ukipiga peke yako, ukichelewa kubadilisha kodi (za gitaa, si za serikali), wimbo mzima unasimama kukusubiri na sikio halitambui. Biti haisimami.

Siku mbili za kwanza hakuniruhusu kugusa nyuzi. Nilipiga makofi tu na kutaja kodi kwa sauti kila zinapobadilika. Malaika, ule uliovuma kwa sauti ya Fadhili William wa Taita (nani hasa aliutunga, ugomvi wake haujesha), unakwenda kwa C, F na G. Kisha tukapunguza mwendo hadi asilimia 70, nami nikapiga pigo moja tu mwanzo wa kila kodi. Sharti lilikuwa moja: ukikosa, usirudi nyuma. Iache ipite, udake inayofuata. Hilo ndilo lililonitoa jasho, maana miaka yote nilikuwa narudi kusahihisha. Na F ikikushinda, bonyeza nyuzi nne nyembamba tu. Besi ya kwenye simu itakufichia aibu.

Ukitaka kufuatisha santuri yenyewe ya zamani badala ya biti, jihadhari. Kanda na santuri nyingi zilikimbia au kuzembea kidogo, kwa hiyo gitaa lililolinganishwa na mashine litasikika bovu. Linganisha nyuzi zako na wimbo.

Lakini biti ina upungufu wake: haikusikii. Mwimbaji akivuta neno, yenyewe inaenda zake. Na mitindo mingine haiihitaji kabisa. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alikuwa bendi nzima peke yake, dole gumba likishika besi huku kidole cha shahada kikicheza sauti ya juu.

Siku hizi Jumamosi baada ya Isha tunazima simu. Kijana anaimba Jambo Bwana ya Them Mushrooms, anavuta maneno makusudi, nami namfuata. Kwenye F bado najingoja kidogo.