Dakika 180 zinazoamua biashara ya msimu mzima

SHABIKI akiletewa ratiba ya Ligi ya Mabingwa Afrika, huanza kuhesabu magoli. Mama anayeuza mihogo ya kukaanga nje ya uwanja huhesabu kitu kingine: mechi ngapi zitachezwa nyumbani, na kila moja itamletea wateja wangapi.

Jibu la hesabu hiyo hupatikana mapema, katika raundi mbili za awali ambazo wengi huziona kama za kupasha misuli. Ukweli ni kwamba hapo ndipo biashara ya msimu mzima huamuliwa.

Klabu nyingi huanzia raundi ya kwanza. Chache zenye rekodi nzuri Afrika husubiri raundi ya pili. Kila raundi ina mechi mbili, moja nyumbani na nyingine ugenini, yaani dakika 180. Washindi 16 wa raundi ya pili ndio wanaogawanywa katika makundi manne ya timu nne.

Kuingia makundi kuna faida mbili. Kwanza, klabu huwa na uhakika wa mechi tatu za nyumbani. Pili, kuna fedha za Shirikisho la Soka Afrika (CAF). Katika msimu wa 2023/24, hata timu iliyoshika mkia katika kundi ilipata dola 700,000, takriban Sh1.7 bilioni kwa viwango vya wakati huo. Kwa klabu zilizoishia raundi za awali, CAF ilitenga dola 50,000 tu.

Tofauti hiyo huonekana pia kwa mfanyabiashara mdogo. Mechi tatu za nyumbani ni siku tatu za kuuza jezi, karanga, machungwa na maji, bila kusahau bodaboda na vibanda vya kuonyesha mpira mikoani.

Simba walionyesha hilo Desemba 2018. Walifungwa 2-1 na Nkana mjini Kitwe, Zambia, kisha wakashinda 3-1 Dar es Salaam. Wakaingia makundi na kushinda mechi zote tatu za nyumbani dhidi ya JS Saoura, Al Ahly na AS Vita, kisha wakafuzu robo fainali.

Msimu uliofuata mambo yakageuka. Agosti 2019 walitoka suluhu na UD Songo mjini Beira, Msumbiji, na wengi wakaamini kazi imekwisha. Marudiano yakaisha 1-1 na Simba wakatolewa kwa kanuni ya bao la ugenini. Aliyefunga bao la wageni, Luis Miquissone, alisajiliwa na Simba miezi michache baadaye.

Lililouma zaidi ni la Oktoba 2021. Simba waliifunga Jwaneng Galaxy 2-0 nchini Botswana. Nyumbani walitangulia kufunga, lakini wakapigwa 3-1. Jumla ikawa 3-3, na wageni wakapita kwa mabao ya ugenini.

Wakati huo aliyetolewa raundi ya pili aliangukia Kombe la Shirikisho. Yanga walipotolewa na Al Hilal ya Sudan mwaka 2022, walipita njia hiyo hadi fainali ya 2023 dhidi ya USM Alger. Kuanzia msimu wa 2023/24 mlango huo ulifungwa. Ukitolewa, umetolewa.

Tuchukue mfano wa muuza jezi mwenye mtaji wa Sh600,000. Ananunua jezi 40 kwa Sh15,000 kila moja, akitarajia kuuza Sh20,000. Zikiisha zote, anapata Sh800,000, faida Sh200,000 kabla ya nauli na ushuru.

Timu ikitolewa akiwa ameuza 25, mkononi ana Sh500,000. Bado Sh100,000 kurudisha mtaji, na jezi 15 zimo kwenye gunia. Akizitoa kwa Sh12,000 atapata Sh180,000, na faida yote itabaki Sh80,000. Kama mtaji ulikuwa wa mkopo, riba inaweza kuimeza.

Hata hivyo, mwenye jezi ana nafuu, kwani jezi haiozi. Mkulima aliyekubaliana na wachuuzi kuwaletea machungwa au ndizi hana muda wa kusubiri msimu ujao.

Kuna na suala la uwanja. Septemba 2023 Yanga walicheza na Al-Merrikh ya Sudan. Kwa sababu ya vita nchini Sudan, mechi ya kwanza ilipigwa Kigali, Rwanda. Ya marudiano ilichezwa Azam Complex, Chamazi, uwanja unaobeba watu takriban 10,000, badala ya Benjamin Mkapa unaobeba 60,000. Yanga walishinda zote na kurudi makundi baada ya miaka 25, lakini muuzaji aliyepiga hesabu ya umati wa uwanja mkubwa alikuwa na hesabu isiyo yake.

Mfanyabiashara afanye nini? Kwanza, katika raundi za awali nunua mzigo wa mechi moja tu. Mzigo mkubwa usubiri timu ipite, kwani kati ya raundi ya pili na mechi za makundi huwa kuna wiki kadhaa za kujipanga.

Pili, thibitisha uwanja na saa ya mechi kabla ya kutoa fedha. Tatu, jezi zisizo na mwaka wala jina la mashindano huuzika hata timu ikitolewa.

Kwa mkulima, ushauri ni kuuza kwa makubaliano ya mechi baada ya mechi, na kuwa na mnunuzi wa pili sokoni. Shamba halijui matokeo ya mpira. Tunda likiiva limeiva.

Ushindi wa ugenini usikutie kiwewe cha kununua. Simba walirudi kutoka Botswana na mabao mawili mkononi, na bado hayakutosha. Usikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa.