Tunanunua rangi, hatuulizi baba

Ndugu msomaji, wale waliosikiliza mazungumzo haya redioni mwishoni mwa juma wataniwia radhi kwa kuyarudia hapa. Wafugaji kadhaa wa hapa mjini walinisimamisha soko la Soweto wakanitaka niyaweke kwenye maandishi, maana redio ikishasema imesema. Nami natii.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita nilichukua akiba tuliyoiweka kwa ajili ya ada ya binti yetu mkubwa nikanunua mtamba mwenye mimba. Alikuwa mweusi mwenye mabaka meupe, kama Friziani wa kwenye kalenda. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: lita ishirini kwa siku, tano za nyumbani, kumi na tano za kuuza, na ada inarudi kabla shule hazijafunguliwa. Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Baba Neema, mama yake huyu alikuwa akitoa lita ngapi?" Nikamjibu kwa kiburi cha mtu aliyezoea kusoma taarifa ya habari: "Kwani huioni rangi?" Akasema, "Rangi naiona. Mimi naulizia maziwa."

Alipozaa, alitoa lita sita. Nne asubuhi, mbili jioni. Jirani yetu, mama mmoja mjane aliyetoka Rungwe, ana ng'ombe mfupi wa rangi ya kahawia, chotara wa Jezi, ambaye sikuwahi hata kumtazama mara mbili. Tunakata majani kwenye bonde lilelile. Yule mfupi alikuwa akitoa lita tisa, na maziwa yake yakichemshwa yanafunga utandu mzito wa mafuta.

Nikamlaumu aliyeniuzia. Nikalaumu majani. Wapo walioninong'oneza kwamba huenda kuna mkono wa mtu. Hatimaye nikamwita afisa mifugo, kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Hakuanza na ng'ombe. Alitoa daftari akaniuliza, "Mzee, baba yake ni nani? Na dada zake wanatoa ngapi?" Sikuwa na jibu, na aliyeniuzia hakuwa nalo pia. Kijana akafunga daftari akasema, "Basi hatujui kama tunagombana na damu au tunagombana na pumba."

Ndugu msomaji, sentensi ile ndiyo mazungumzo yangu ya leo.

Karibu kila chembe hai katika mwili wa ng'ombe ina jozi 30 za nyuzi ndogo mno ziitwazo kromosomu. Nyuzi hizo hubeba vinasaba, yaani maagizo ya urithi. Katika kila jozi, uzi mmoja umetoka kwa mama na mwingine kwa baba. Lakini mzazi hatoi nusu ileile kwa kila mtoto, bali maagizo huchanganywa upya kila mara kama karata. Ndiyo maana ng'ombe wawili wa mama mmoja na baba mmoja wanaweza kupishana lita nne katika banda moja. Na ndiyo maana dume, ambaye hana kiwele wala hatakamuliwa maisha yake yote, anabeba nusu ya maagizo ya kiwele cha binti yake.

Maagizo yanayohusu maziwa si moja wala mawili. Kipo kinasaba kinachohusu ukubwa wa kiwele, kipo kinachohusu hamu ya kula, kipo kinachoamua kama chakula kitakwenda kwenye nyama au kwenye ndoo. Ni vingi sana, na aghalabu kila kimoja mchango wake ni kijiko. Rangi ya ngozi, kinyume chake, huamuliwa na vinasaba vichache tu. Kwa hiyo ng'ombe anaweza kurithi koti la Friziani bila kurithi ndoo yake. Mimi nilinunua koti.

Kipo hata hivyo kinasaba kimoja ambacho mchango wake si kijiko bali kikombe. Wataalamu wanakiita DGAT1, na kazi yake ni kusaidia kutengeneza mafuta ya maziwa. Mwaka 2002 watafiti wa Ubelgiji na wenzao wa New Zealand walitangaza kwamba kinasaba hiki kina sura mbili, zinazotofautiana kwa badiliko dogo mno. Ng'ombe mwenye sura ya kwanza hutoa maziwa yenye mafuta mengi lakini lita pungufu. Mwenye sura ya pili hutoa lita zaidi, lakini maziwa ni mepesi. Ng'ombe wetu wa kienyeji wenye nundu wengi wao wana ile sura ya mafuta.

Hapa nawageukia wenzangu wa mjini mnaonunua maziwa kwa chupa. Mara ngapi tumemshutumu muuzaji kwamba ametia maji, kwa sababu tu maziwa hayafungi utandu? Maziwa ya Friziani kwa kawaida huwa na mafuta asilimia 3.5 hadi 4, na ya Jezi hukaribia 5. Wepesi huo unaweza kuwa umetoka kwa babu wa ng'ombe, si kwenye bomba. Wa kuamua ugomvi huo ni laktomita, kile kipimo cha kioo kinachoelea: maji yakiongezwa kinazama zaidi, lakini uchache wa mafuta peke yake haukizamishi. Tusiharibu jina la mtu kwa macho tu.

Sasa tuje kwenye pumba. Katika kundi lililotunzwa vizuri, wataalamu wanakadiria kwamba takriban robo hadi theluthi ya tofauti za maziwa kati ya ng'ombe na ng'ombe hutokana na urithi. Sehemu kubwa iliyobaki ni chakula, maji, maradhi, umri na mkono wa mkamuaji. Kwa lugha nyingine, urithi unaweka dari, na malisho yanaamua utafika umbali gani kutoka sakafuni. Uchunguzi uliofanywa kwa wafugaji wadogo wa Kenya ulionyesha kwamba palipo na malisho hafifu, ng'ombe mwenye damu nyingi ya kigeni hamzidi kwa kiasi kikubwa chotara wa kati, na gharama zake ni kubwa zaidi. Mwili mkubwa unataka kula kwanza wenyewe kabla haujakupa wewe.

Yule kijana aliniambia nianze na yaliyo mikononi mwangu. Nikaweka ndoo ya maji usiku na mchana, maana maziwa kwa sehemu kubwa ni maji. Nikaongeza pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, na nikakata matete kabla hayajakomaa kuwa fimbo. Katika mwezi mmoja lita sita zikawa tisa. Nikaongeza tena mashudu. Zikabaki tisa, ng'ombe akanenepa. Yamkini hapo ndipo dari ya urithi wake ilipo.

Je, mtu anamjuaje dume mzuri ikiwa dume mwenyewe hakamuliwi? Kwa miaka mingi palikuwa na njia moja: kusubiri mabinti zake wazae, kuwapima maziwa, kuandika, kisha kuwalinganisha na mabinti wa madume mengine. Nchi kama Marekani zimekuwa zikiandika hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja, na leo wastani wa ng'ombe wao wa maziwa umepita kilo 10,000 kwa mwaka. Tangu mwaka 2009 wamekuwa wakitoa rasmi makadirio ya ubora wa ndama kwa kusoma DNA yake angali mchanga. Lakini angalieni jambo hili: mashine inayosoma DNA haijui maziwa. Inajua tu kulinganisha DNA na madaftari ya mamilioni ya ng'ombe waliokwisha kukamuliwa. Pasipo daftari mashine ni bubu.

Nasi huku Nyanda za Juu Kusini hatukuanza jana. Shamba la serikali la Kitulo, kule juu Makete kwenye baridi, limezalisha mitamba ya Friziani kwa miongo mingi. Katika miaka ya 1980 na 1990 mradi wa ng'ombe wa maziwa uliosaidiwa na Uswisi ulifanya kazi Iringa na Mbeya. Wengi pia tunakumbuka utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, ambapo ndama jike wa kwanza hupewa jirani. Uyole wako watafiti wa mifugo, na mbegu za madume kwa ajili ya uhimilishaji hutoka kwenye kituo cha taifa cha Usa River, Arusha. Kwa hiyo damu nzuri iliingia. Kilichopotea njiani ni karatasi. Ng'ombe alihama kutoka banda hadi banda, lakini jina la baba yake halikuhama naye.

Ndiyo maana nilifurahi kufahamu juu ya mpango unaoongozwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, ulioanza mwaka 2016 hapa Tanzania na Ethiopia, na ukafika Mbeya, Iringa na Njombe. Ng'ombe wa wafugaji wadogo waliandikishwa, maziwa yao yakapimwa kila mwezi, na nywele za mkia zikachukuliwa kupima DNA. Mara nyingi kipimo kilitofautiana na alivyoamini mfugaji kuhusu damu ya ng'ombe wake. Faida kubwa zaidi ni kwamba sasa madume yanaweza kupangwa kwa maziwa ya mabinti waliokula majani ya kwetu na kung'atwa na kupe wa kwetu.

Ndugu msomaji, kutomjua baba kuna hatari kuliko lita pungufu. Marekani mwaka 1962 alizaliwa dume aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief. Mabinti zake walikamuliwa hasa. Alikuwa nao wapatao 16,000, na wajukuu wa kike nusu milioni. Lakini Chief alibeba kosa moja katika kinasaba. Ndama akilirithi kwa mzazi mmoja, hana neno. Akilirithi kwa wote wawili, hufia tumboni. Kwa kuwa uzao wa Chief ulienea kila mahali, mbari yake ilianza kukutana yenyewe kwa yenyewe. Kosa lenyewe lilitambuliwa katika muongo wa 2010, na watafiti wakakadiria kwamba mimba zipatazo nusu milioni zilikuwa zimeharibika duniani. Maziwa aliyoongeza yalikuwa na thamani kubwa zaidi ya hasara hiyo, lakini hilo halimfariji mwenye ng'ombe mmoja.

Na wale walikuwa na madaftari! Sisi tunafanyaje? Ng'ombe wangu alipopata joto, jirani mwingine alinipa dume lake bure. Lilikuwa zuri, jeusi na mabaka. Tulikwisha kufunga kamba pale kijana wa mifugo alipouliza, "Dume hili limetoka wapi?" Jirani akataja kijiji. Kilikuwa kijiji kilekile alikotoka ng'ombe wangu, na banda lilelile. Yumkini walikuwa kaka na dada kwa baba. Yumkini hawakuwa. Hakuna aliyeweza kuapa, kwa kuwa hakuna aliyeandika. Tulifungua kamba.

Nikalipia uhimilishaji. Afisa alinionyesha jina na namba ya dume kwenye ule mrija mwembamba wa mbegu, nikavinakili. Akanishauri Jezi, mwili mdogo unaolingana na bonde letu na mfuko wangu. Akaniasa pia nisitarajie kwamba kila chotara akizaa na chotara mwenzake mambo yatabaki vilevile. Ile nguvu ya mchanganyiko wa kwanza hupungua chotara wakizaliana wao kwa wao, na wafugaji wengi hushangaa maziwa yanaposhuka wakidhani wamelogwa.

Ndama amezaliwa, jike, wa rangi ya kahawia hafifu. Watoto wanamcheka kwamba si Friziani. Lita zake sizijui, na nitazijua akizaa. Ada ya binti yetu tuliilipa kwa mkopo, ambao nilimaliza kuulipa Desemba. Hayo ndiyo malipo ya kutojibu swali la mke wangu.

Basi ewe unayetaka kununua ng'ombe, kabla hujahesabu noti, uliza mambo matatu. Mama yake alitoa lita ngapi, na zimeandikwa wapi? Baba yake ni nani, na mabinti wengine wa baba huyo wako wapi? Na mimi mnunuzi nina majani ya kumfikisha kwenye dari yake? Nawe unayeuza, weka daftari la senti chache ukutani mwa banda: tarehe, lita, jina la dume. Daftari hilo linaweza kuongeza bei ya ndama wako kuliko mabaka yake.

La kwangu liko jikoni, limefungwa kwa uzi kwenye msumari. Mwandishi wake si mimi. Mke wangu amesema kazi hiyo haiwezi kuachiwa mtu anayetazama rangi.

Hadi juma lijalo panapo majaliwa.