Kipimo cha Mtafiti Mwanafunzi: Funzo la Bukoba

Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, akisha kukubaliwa kuanza utafiti wake, hupewa msimamizi, muda, na aghalabu fedha kidogo. Ila kitu kimoja hapewi na mtu, nacho ni kipimo cha ujuzi wake mwenyewe, hata ajue kama leo anaweza kuuliza, kupima na kuhukumu kuliko alivyoweza mwaka jana. Huko Uingereza walijaribu kumtengenezea kipimo hicho: mwaka 2010 shirika la Vitae lilitoa mwongozo wenye nyanja 4, sehemu 12 na vipengele 63, ambao mwanafunzi aliweza kujipimia nao, tangu maarifa ya somo lake hadi namna ya kushirikiana na watu. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini ajazaye karatasi ya namna hiyo peke yake chumbani ndiye mshitakiwa na ndiye kadhi. Na mwaka 1999 Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba walio dhaifu katika jambo ndio hujikadiria juu mno, kwa sababu ujuzi uliowapungukia ni ule ule ambao kwa huo wangelitambua kosa. Kwa hiyo nashikilia kwamba ujuzi wa utafiti hupimwa katika kazi iliyorudiwa, na ithibati ya dai hilo hatuna haja ya kuifuata ng'ambo, maana iko Kagera.

Mkoa huo ndio uliotoa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa nchini Tanzania, mwaka 1983. Mwaka 1987 watafiti wa chuo cha tiba cha Muhimbili, Dar es Salaam, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden, walipima damu za watu wazima waliochaguliwa kwa bahati nasibu majumbani mwao, wakakuta kwamba katika mji wa Bukoba asilimia 24.2 walikuwa na virusi. Katika kazi hiyo walikomaa wanafunzi wa uzamivu, miongoni mwao Japhet Killewo, aliyetunukiwa shahada huko Umeå mwaka 1994, na Gideon Kwesigabo, aliyetunukiwa mwaka 2001.

Kipimo kiliporudiwa mjini humo mwaka 1993 kilitoa asilimia 18.3, na mwaka 1996 asilimia 13.3. Mtu wa pupa angetangaza ushindi papo hapo. Mtafiti aliyeiva shurti kwanza aishuku furaha yake: je, tarakimu imeshuka kwa kuwa maambukizi mapya yamepungua, ama kwa kuwa walioambukizwa wamekwisha kufariki, ama kwa kuwa waliojijua ni wagonjwa wamehama au wamekataa kutoa damu? Ndiyo sababu ya kuwatazama kwa makini wanawake wa miaka 15 hadi 24, ambao, kwa uchache wa umri wao, maambukizi yao hayawezi kuwa ya zamani wala vifo havijapata kuwapunguza sana. Na anguko lilipoonekana kubwa zaidi kwao, hoja ya kupungua kwa maambukizi mapya ikapata mguu wa kusimamia. Kulijua kundi la kuliendea, hapo ndipo ujuzi ulipo, kuliko katika hesabu yenyewe.

Sasa tushuke hadi mlangoni. Tuseme mwanafunzi amefika Hamugembe, kata ya Manispaa ya Bukoba, akiwa na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, mkobani. Amejitambulisha kwa mtendaji wa kata, na mwenyekiti wa mtaa amempa mtu wa kumwongoza. Anapiga hodi, "Shikamoo bibi," anaitikiwa "Marahaba mwanangu, karibu," kisha anauliza ni wangapi wanaoishi humo. Bibi anajibu: wanne. Baada ya wiki mbili msaidizi mwingine anarudi na swali lile lile, naye anaambiwa sita, maana safari hii bibi amemhesabu mjukuu aliye shule ya bweni, na mwanawe aliyekwenda Mwanza kutafuta riziki, ambaye chumba chake kimefungwa kwa kufuli na hakuna alalaye humo. Mara zote mbili bibi hakusema uongo; swali ndilo lililokuwa na mwanya. Mwanafunzi mchanga humlaumu mjibu akaendelea na nyumba ya pili. Aliyeanza kuiva huligeuza swali, akauliza ni nani waliolala hapa usiku wa kuamkia leo, na kati ya wasiokuwapo ni nani aliyelala hapa walau miezi mitatu katika mwaka uliopita. Kisha hulijaribu tena, na kuandika daftarini tarehe, badiliko na sababu yake.

Na huyo mwana wa chumba cha kufuli si jambo dogo. Kati ya 1991 na 1994 Benki ya Dunia na Muhimbili walizihoji kaya zaidi ya 900 za Kagera. Mwaka 2004, na tena 2010, watafiti waliwatafuta watu wale wale hata waliohamia mikoa mingine na Uganda. Ikadhihirika kwamba waliohama walikuwa wameinuka kimaisha kupita sana waliobaki, hata mtu ambaye angewahoji waliobaki peke yao angeliandika kwa insafu kamili, na asijue, habari pungufu juu ya umaskini wa mkoa mzima.

Huko Sweden, walikotunukiwa Killewo na Kwesigabo, tasnifu aghalabu huwa na makala zilizokwisha kupitiwa na wataalamu wengine, na siku ya kuitetea huitwa mpinzani kutoka chuo kingine, amhoji mwanafunzi mbele ya hadhara. Utaratibu huo ni mwema, ila huja mwishoni, wakati Hamugembe imekwisha kuwa mbali. Hapa kwetu wasimamizi hudai sura ya kwanza, ya pili na ya tatu; ningependa wadai na daftari, wakalikagua kila mwezi, na ningependa katika bajeti ya kila utafiti itengwe nauli ya kuzirudia nyumba chache kwa mhoji mwingine, kabla dodoso halijachapwa kwa ajili ya mamia ya nyumba zilizosalia.