Ushuru wa Soko Hutoka Wapi?

Jinsi Kaunti inavyokata shauri na kulitangaza

Tuseme asubuhi moja mama auzaye nyanya sokoni afikiwa na mtoza ushuru, akaambiwa ya kuwa ushuru wa siku umeongezwa. Mama yule auliza, "Nani aliyeongeza?" Mtoza ushuru ajibu, "Kaunti." Jibu hilo ni fupi, wala halitoshi. Kaunti si mtu mmoja akaaye peke yake akaamua apendavyo. Kwa hiyo yafaa kila mlipaji aelewe shauri la namna hii hukatwa na nani, kwa njia gani, na hutangazwa wapi. Maana asiyeijua njia hiyo hawezi kupambanua madai ya haki na madai ya hila.

Mabaraza ya zamani

Mambo haya hayakuwa hivi sikuzote. Mwaka 1924 yaliundwa mabaraza ya wenyeji katika Kenya, na mwenyekiti wake alikuwa Mkuu wa Wilaya, Mzungu aliyewekwa na Serikali. Mwaka 1950 ilitungwa sheria ya kuweka Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika, na baada ya Uhuru wa mwaka 1963 yakafuata mabaraza ya miji na ya kaunti. Hayo nayo yalikoma mwaka 2013, serikali za kaunti 47 zilipoanza kazi kwa amri ya Katiba ya mwaka 2010. Tangu hapo kila kaunti ina Gavana wake, nayo ina Bunge lake.

Nani akataye shauri?

Bunge la Kaunti lina wajumbe waliochaguliwa na watu, mmoja kwa kila wadi. Pamoja nao wamo wajumbe wa viti maalum, ili wanaume au wanawake wasizidi theluthi mbili ya wajumbe wote, na ili vijana na watu wenye ulemavu nao wapate wa kuwasemea. Mwenye kuongoza mikutano ni Spika, ambaye huchaguliwa na Bunge lenyewe kutoka miongoni mwa watu wasio wajumbe.

Gavana na watu wake wa Kamati Kuu hutengeneza mapendekezo na kuitekeleza sheria, lakini hawana ruhusa ya kutunga sheria ya kaunti peke yao. Katiba yasema waziwazi ya kuwa kodi au ada ya leseni haiwezi kutozwa, kusamehewa wala kubadilishwa, ila kwa sheria. Basi viwango vya ushuru wa soko, vya leseni za biashara na vya kuegesha magari kwa kawaida huandikwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti. Sheria hiyo hupitishwa katika siku 90 baada ya Bunge kupitisha sheria ya matumizi ya fedha za mwaka. Na kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, miezi ya Julai, Agosti na Septemba ni miezi ya kutega masikio.

Safari ya mswada

Sheria kabla ya kuwa sheria huitwa mswada. Kwanza mswada huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ili watu waweze kuuona. Kisha husomwa Bungeni mara ya kwanza, na kwa kawaida katika hatua hii jina lake tu hutajwa pasipo mjadala. Hapo hupelekwa kwa kamati ya wajumbe wachache, nao huuchungua kifungu kwa kifungu. Wakati huo ndio wa kuwaita wananchi watoe maoni yao, kwa mdomo au kwa maandishi.

Baadaye mswada hurudi Bungeni na kusomwa mara ya pili, ndipo wajumbe wote hubishana juu ya makusudi yake. Vifungu hurekebishwa, kisha mswada husomwa mara ya tatu na kupigiwa kura. Wakikubali walio wengi kati ya wajumbe waliohudhuria na kupiga kura, umepita.

Mikutano hii si ya siri. Katiba yaagiza Bunge la Kaunti lifanye kazi yake mahali pa wazi, na mwananchi au mwandishi wa habari asizuiwe kuingia, isipokuwa katika jambo lisilo la kawaida ambalo Spika ameona lina sababu ya haki. Mkulima aliyevaa viatu vya shamba ana ruhusa ya kuketi na kusikiliza, sawasawa na mfanyabiashara mkubwa wa mjini.

Mswada ukiisha kupita, Spika ana siku 14 za kumpelekea Gavana. Gavana naye ana siku 14 za kutia sahihi au kuurudisha pamoja na maelezo ya yale asiyoyakubali. Bunge laweza kuurekebisha kama alivyotaka. Lakini wajumbe wakiupitisha tena bila kufuata maneno yake, kwa kura za theluthi mbili ya wajumbe wote, basi yampasa Gavana kuukubali.

Sheria isiyotangazwa haina nguvu

Hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Baada ya sahihi ya Gavana, sheria hupasa kuchapishwa katika Gazeti Rasmi katika siku saba. Nayo huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, ila kama sheria yenyewe imetaja siku nyingine. Katiba yaongeza ya kuwa sheria ya kaunti haina nguvu mpaka ichapishwe katika Gazeti hilo. Kwa hiyo Bunge likipiga kura leo, mtoza ushuru hawezi kuja kesho na kiwango kipya akisema, "Jana wamepitisha."

Lakini je, yatosha kuchapisha tu? Gazeti Rasmi huandikwa kwa Kiingereza, na si wengi vijijini walionalo. Jambo hili lilifika mahakamani kwa habari ya Kaunti ya Kiambu. Mwezi Aprili mwaka 2014 Mahakama Kuu iliitangua Sheria ya Fedha ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika kuitunga. Mahakama ilieleza ya kuwa kushirikisha watu si kutoa tangazo la juujuu, kisha kumwachia mwananchi alitafute mwenyewe. Habari hupasa kupelekwa mahali watu wakusanyikapo: makanisani, misikitini, mahekaluni, barazani, na katika redio za taifa na za lugha za wenyeji. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliithibitisha hukumu hiyo. Tangu hapo kila kaunti imejua ya kuwa sheria nzima yaweza kuanguka kwa sababu watu hawakuulizwa.

Yatupasayo sisi

Basi, tumrudie mama yetu wa nyanya. Afanye nini? Asigombane na mtoza ushuru, maana huenda yule ametumwa tu. Na aulize kwa adabu: "Kiwango hiki kimo katika sheria gani, na ya mwaka gani?" Akilipa, adai risiti. Asiporidhika, amwendee msimamizi wa wadi au mwakilishi wake, au aandike barua kwa Karani wa Bunge la Kaunti. Ni haki yake kupewa habari zilizo mikononi mwa Serikali, na ni haki yake pia kupeleka ombi Bungeni ili sheria itungwe, irekebishwe au ifutwe. Mwenye simu aweza kulisoma Gazeti Rasmi bila malipo katika tovuti ya Kenya Law, na kijana wa nyumbani aweza kumsomea mzazi wake.

Lakini haki hii ina mwenzake, nao ni wajibu. Sheria ikiisha kutungwa kwa njia iliyo sawa na kutangazwa, huwapasa wote kuifuata, hata yule aliyekaa nyumbani siku ya kutoa maoni. Ushuru wa haki husaidia kufagia soko, kujenga vyoo na kuezeka vibanda. Wengi hulalamika ushuru umepanda, na kumbe baraza lilipoitishwa viti vilikuwa vitupu. Neno moja lisemwalo mbele ya kamati mswada ukiwa bado mswada lina faida kuliko kelele mia sokoni baada ya sheria kuanza kazi.