LANGO LILILOFUNGWA: FILAMU YA WATOTO YENYE FUNZO KWA ASKARI

Askari arudiye Kigali baada ya kulinda amani ugenini mwaka mzima, huko Sudan Kusini au Afrika ya Kati, huwakuta wanawe wamekua, na yule mdogo humtazama kama mgeni. Kwa ndugu kama huyo tuna filamu moja ya kutazama pamoja na watoto jioni ya likizo: "Prince Caspian", iliyotolewa mwaka 2008, ya pili katika mfululizo wa Narnia.

Filamu hii imetokana na kitabu cha watoto alichokitoa C. S. Lewis mwaka 1951. Ndugu wanne wa Kiingereza, waliopata kuwa wafalme na malkia katika nchi ambamo wanyama husema, wanarudi huko baada ya mwaka mmoja wa kwao. Kumbe Narnia imepita miaka 1,300! Kasri lao limekuwa magofu, na Miraz amekinyakua kiti cha mtoto wa nduguye, Caspian, mrithi wa haki.

Sehemu iliyotugusa zaidi haimo kitabuni. Andrew Adamson, aliyeiongoza filamu, ameongeza shambulio la usiku juu ya ngome ya Miraz. Mpango ni mwema: watangulizi waingie kwa siri, wafungue lango, ndipo jeshi liingie. Lakini Caspian anauacha mpango, akaenda kumkabili ami yake juu ya kifo cha baba yake. Kengele inalia. Peter, kaka mkubwa na kamanda, anasihiwa na dada yake warudi nyuma. Anakataa, akaliita jeshi. Mara lango linaanguka. Makamanda wanaokoka, na askari wengi wanabaki ndani, nyuma ya vyuma.

Hatuna haja ya kuwaeleza wasomaji wetu uzito wa tukio hilo. Mmoja alitii hasira yake, wa pili alitii kiburi chake. Waliolipa ni wale waliotii amri.

Lewis mwenyewe aliyajua mambo ya vita. Alifika katika mahandaki ya Ufaransa siku alipotimiza miaka 19, mwezi Novemba 1917, akiwa ofisa kijana. Aprili 1918 kombora la jeshi lake mwenyewe lilianguka kabla ya kufika lilikokusudiwa, likamjeruhi na kuwaua wenzake wawili.

Baadaye Peter anapigana na Miraz ana kwa ana, ili damu ya wengi isimwagike. Amshindapo, anampa Caspian upanga. Caspian anauinua, kisha anakataa kuua.

Hapana shaka mtoto atauliza: mbona amemwacha hai aliyemwua baba yake? Katika nchi yetu swali hilo si la hadithi tu. Mzazi aliyevaa sare, na aliyekabidhiwa silaha, asimwachie mwingine kulijibu.