Mgonzo unaolala peke yake majini humtia hasara mvuvi

WAVUVI wa Ziwa Kitangiri, wilayani Iramba mkoani Singida, hutegemea zaidi samaki wa aina mbili: perege na kambare. Perege hunaswa kwa nyavu, kwa kuwa chakula chake kikubwa ni mwani mdogo unaoelea majini na chambo hakimvutii sana. Kambare ni habari nyingine. Huyu ni mlafi, hutafuta chakula usiku kwa kunusa na kupapasa kwa sharubu zake, na hula karibu kila anachokikuta: samaki wadogo, minyoo, konokono, wadudu, hata matumbo ya kuku. Ndiyo maana hutegewa kamba ndefu yenye ndoana nyingi, ile ambayo wavuvi wa Kanda ya Ziwa huiita mgonzo.

Uzuri wa mgonzo ni kwamba hauhitaji mtu wa kuushika. Hutegwa jioni, mwenyewe akaenda kulala, akarudi alfajiri kuuvuta. Kwa mkulima wa alizeti au mtama anayevua ili kuongeza kipato, hilo si jambo dogo, maana mchana wake ni wa shamba.

Tatizo ni yale yanayotokea kati ya jioni na alfajiri. Mvuvi anapovuta kamba hukuta baadhi ya ndoana hazina chambo wala samaki, vijikamba vingine vimesokotwa hadi vikakatika, na kambare wawili watatu wamekwisha kufa na matumbo yamevimba. Wengi hulaumu ziwa kwamba samaki wamepungua. Huenda wamepungua kweli, lakini kijikamba kilichokatika ni ushahidi kwamba samaki alikuwapo na akaondoka. Dawa inayokimbiliwa ni kuongeza ndoana. Kiuchumi, huko ni kuongeza gharama ya chambo katika mtego unaovuja.

Tuchukue mfano wa mgonzo wa ndoana 100. Tuseme usiku mmoja kambare 12 wamekamatwa, kila mmoja kilo moja na nusu, na bei ya ziwani ni shilingi 5,000 kwa kilo. Wanne wakiponyoka, wakabaki wanane, na watatu kati ya hao wakiwa wamekufa na kuuzwa nusu bei, mvuvi atapata shilingi 48,750. Kama wote 12 wangefika mtumbwini wakiwa hai, angepata shilingi 90,000. Yaani karibu nusu ya mapato imebaki majini, na chambo kilikwisha kulipiwa. Bei na idadi hizi ni za mfano tu, kila mmoja aweke za kwake, lakini atakayefanya hesabu hiyo kwa wiki mbili tu ataona kuwa mahali pa kutafuta faida ni katika samaki ambaye tayari ameuma.

Kwanza ni ndoana yenyewe. Ndoana ya kawaida iliyo kama herufi J ilitengenezwa kwa mtu aliyeshika mshipi, ambaye samaki akidonoa yeye huvuta kwa ghafla. Kwenye mgonzo hakuna wa kuvuta. Samaki ama humeza ndoana hadi tumboni na kufa, ama hutafuna chambo na kuitema. Ipo ndoana ya mviringo, ambayo ncha yake imegeuzwa kuelekea mpini. Samaki anapomeza chambo na kuanza kuondoka, ndoana hiyo huteleza hadi pembeni mwa mdomo na kujikaza yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wavuvi wa samaki aitwaye halibut katika pwani ya Alaska na Kanada, ambao nao huacha kamba zao baharini kwa saa nyingi, walihamia ndoana za aina hii, na samaki wanaopatikana kwa idadi ileile ya ndoana wakaongezeka sana.

Ina masharti yake. Chambo kisijaze uwazi ulio kati ya ncha na mpini, kwani kikijaa, ncha haina pa kushika. Kipande kidogo kilichotobolewa mara moja kinatosha. Mvuvi akiikuta kamba inatikisika asiivute kwa nguvu, aivute taratibu. Na anaponunua akumbuke kwamba kwa ndoana za namba za kawaida, namba inavyokuwa kubwa ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo: namba 8 ni kubwa kuliko namba 12. Mwenye kushusha ukubwa wa ndoana ili "apate wengi" atapata watoto wa kambare, ambao sokoni hawana bei na ziwani ndio akiba ya mwakani.

Kambare aliyenaswa hujiviringisha. Huzunguka na kuzunguka mpaka kijikamba kinajisokota na kukatika, mara nyingi kwenye fundo. Kinachozuia hilo ni kipete cha chuma kinachozunguka, ambacho hufungwa pale kijikamba kinapoungana na kamba kuu. Duka likiwa mbali, kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kilichofungwa mahali hapo hakizuii msokoto, lakini hupunguza mshtuko, kwani samaki akivuta mpira hunyooka badala ya fundo kukatika. Nafasi kati ya ndoana na ndoana nayo izidi mara mbili ya urefu wa kijikamba. Kijikamba kikiwa mita moja, ndoana zipishane kwa zaidi ya mita mbili, la sivyo samaki wawili jirani watafungana na mmoja atamsaidia mwenzake kuponyoka.

Jambo linalosahaulika zaidi ni pumzi. Kambare ana kiungo cha ziada juu ya mashavu kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji. Katika maji ya kina kifupi, yenye tope na majani yanayooza, hewa ndani ya maji hupungua sana usiku, na kambare hupanda juu mara kwa mara kupumua. Akifungwa kwa kijikamba kifupi kwenye kamba iliyolazwa chini kwa mawe, hataifikia hewa hiyo. Atahangaika, atachoka, atakufa, na kwa joto la maji yetu hadi alfajiri ameanza kuharibika. Kitangiri si ziwa la kina kirefu, kwa hiyo dawa ni rahisi: ama kijikamba kizidi kina cha maji pale kilipotegwa, ama kamba kuu ining'inizwe karibu na uso wa maji kwa maboya ya chupa za plastiki.

Yote hayo hayaondoi haja ya kuutembelea mtego. Katika jimbo la baridi la Minnesota nchini Marekani, ambako maziwa huganda kiasi cha kubeba magari, wavuvi hutoboa barafu, husimamisha kibanda juu yake na kutumbukiza mishipi isiyoshikwa na mtu. Kwenye ukuta wa kibanda hufungwa kigurudumu cha mshipi chenye kitu cha kulia, na samaki akivuta aliyelala huamka. Nje ya kibanda hutegwa kijibendera kinachoruka juu samaki anapouma, na sheria ya Minnesota inamtaka mvuvi awe ndani ya futi 200 kutoka kwenye mtego wa namna hiyo. Kule mtego unaweza kuachwa bila kushikwa, lakini si bila mtu wa kuusikia.

Singida haina barafu lakini ina kengele za ng'ombe. Anayetega kamba fupi kutoka ufukweni anaweza kuifunga kwenye fito inayopinda, na juu ya fito akatundika kengele au kopo lenye kokoto. Kwa mgonzo ulio mbali na ufuko kengele haitasikika, hivyo inabaki safari moja ya katikati ya usiku. Tukirudi kwenye mfano wetu, tuseme safari hiyo inapunguza walioponyoka kutoka wanne hadi wawili, na wote 10 wanapatikana hai. Mapato yatakuwa shilingi 75,000, yaani nyongeza ya shilingi 26,250. Akimlipa msaidizi wa kupiga kasia shilingi 8,000 bado anabakiwa na 18,250, kabla ya kuhesabu ndoana zilizotiwa chambo upya. Palipo na viboko au mamba hesabu hiyo haina maana. Hapo ni afadhali kutega saa moja jioni na kuvuta saa nne usiku, kuliko kwenda majini usiku wa manane.

Asiyeshawishika ajaribu kwenye kamba yake mwenyewe. Aweke ndoana 50 za zamani na 50 za mviringo, moja baada ya nyingine, kwa usiku 10, na aandike kwenye daftari kila asubuhi: waliopatikana hai, waliokufa, ndoana zilizoliwa chambo, vijikamba vilivyokatika. Kuzipanga kwa kupishana ni lazima, kwa sababu upande mmoja wa mgonzo unaweza kuwa karibu na matete wanakopita samaki wengi.

Boya la kila mgonzo liwe na alama ya mwenye nao, maana kamba iliyopotea huendelea kunasa samaki na hata ndege bila faida ya mtu. Leseni ya uvuvi ni sharti chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Aidha, mvua zinapoanza, kwa Singida kati ya Novemba na Desemba, kambare hupanda kwenye majani yaliyofurika kutaga mayai. Mwenye kuziba njia hizo kwa ndoana anapata wiki moja nzuri na msimu mbaya.

Faida ya mwisho iko kwa mchuuzi. Kwa kuwa hupumua hewa, kambare aliyenaswa mdomoni, si tumboni, huweza kusafiri akiwa hai katika maji kidogo hadi Kiomboi au Singida mjini, ambako mnunuzi akimwona anacheza hana haja ya kukagua mashavu. Pipa lijazwe maji ya kuwafunika tu, lisiwekwe juani, na lifunikwe kwa gunia lililoloa badala ya kifuniko kinachozuia hewa.